Niliumia kazini, sasa nimeletewa karatasi nisaini: nifanyeje?

Swali:

"Nafanya kazi kwenye karakana ya mbao, huu ni mwezi wa nne. Sina mkataba wa maandishi, nalipwa kwa wiki na ninaitwa kibarua. Wiki 6 zilizopita mashine ya kuranda ilinikata vidole viwili vya mkono wa kulia. Cha shahada kimepungua pingili moja, cha kati kimebaki lakini hakikunjiki. Kinga ya ile mashine iliondolewa kabla hata sijaanza kazi, na sote tuliizoea hivyo. Msimamizi ndiye aliyenipeleka hospitali, akamwambia mhudumu kwamba nimejikata nyumbani. Kwa maumivu niliyokuwa nayo, nikanyamaza. Bosi amelipa matibabu hadi leo. Juzi nimeletewa karatasi: nitapewa mshahara wa miezi miwili, nami nasaini kwamba 'sina madai yoyote sasa na siku zijazo'. Nimeambiwa niirudishe kabla ya Ijumaa. Wenzangu wananiambia nichukue, kwa kuwa sikuvaa glovu na kosa ni langu, tena kibarua hana haki. Mmoja anasema nishtaki, nitapata fedha nyingi. Nifanye nini?"

Jibu:

Pole sana kwa mkono, ndugu yangu. Nianze na hiyo Ijumaa, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Usiisaini karatasi hiyo kwa sasa. Sisemi ukatae fedha, wala sisemi bosi wako ni mtu mbaya. Amelipa matibabu, na wapo waajiri wasiofanya hata hilo. Ninachosema ni kwamba unatakiwa kuuza kitu ambacho hadi leo hakuna anayejua thamani yake: si wewe, si yeye, si daktari wako.

Mkono uliokatwa na mashine hauonyeshi hali yake ya mwisho katika wiki 6. Kidole kisichokunjika leo huenda kikalegea kwa mazoezi ya tiba, huenda pia kikahitaji upasuaji wa pili, huenda kikabaki hivyo maisha yako yote. Mishipa ya fahamu hupona polepole mno. Ndiyo maana madaktari wanaopima ulemavu husubiri hali itulie kwanza, yaani wafike mahali ambapo matibabu zaidi hayatarajiwi kubadili kitu kikubwa, halafu ndipo waandike asilimia. Na asilimia hizo zina uzito wake. Katika mwongozo wa Chama cha Madaktari cha Marekani, ambao hutumika sana kwa kazi hii, kidole gumba peke yake kinahesabiwa asilimia 40 ya mkono (yaani kitanga na vidole, si hadi begani), cha shahada 20, cha kati 20, na vile viwili vya mwisho 10 kila kimoja. Wewe umeguswa kwenye vidole viwili vyenye uzito, tena vya mkono wa kazi. Hiyo haina maana kwamba umepoteza asilimia 40, kwa kuwa pingili moja si kidole kizima, lakini inakuonyesha kwamba kuna hesabu ya kufanywa, na haijafanywa.

Juu ya asilimia ya daktari kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Kiungo kilichopungua ni kitu kimoja, na kazi iliyopungua ni kitu kingine. Pingili ile ile ikimtoka karani na ikimtoka fundi seremala, jeraha ni moja ila hasara si moja. Ukishindwa kushika patasi au kusukuma ubao sawasawa, kilichokatwa si kidole tu, ni miaka ya kipato. Hebu sasa uiweke hiyo miaka karibu na mshahara wa miezi miwili, kisha uyasome tena yale maneno "na siku zijazo".

Karatasi za namna hii huitwa majina mengi, lakini kazi yake ni kufunga jalada. Ukishaisaini kwa hiari yako na akili timamu, mahakama nyingi zitaichukulia kuwa makubaliano yaliyokamilika. Kuitengua baadaye si kazi rahisi: itabidi uonyeshe kwamba ulidanganywa, ulitishwa au hukuelewa ulichokisaini. Ipo mifumo ya fidia isiyoyatambua makubaliano ya pembeni mpaka yapitiwe na ofisi inayosimamia fidia, kwa sababu waliotunga sheria walijua kuwa mtu mwenye bandeji na deni la kodi ya nyumba hana nguvu ya kujadiliana. Hata hivyo usiitegemee kinga hiyo kabla hujahakikisha kama ipo mahali ulipo.

Risiti ni jambo tofauti. Ukipewa fedha za dawa, nauli ya kliniki au mshahara wa wiki ulizokaa nyumbani, kusaini kwamba umepokea kiasi fulani tarehe fulani hakuna ubaya wowote. Ubaya uko kwenye sentensi ya kuacha madai. Kama nia ya bosi ni kukusaidia, hakuna kinachomzuia kukupa fedha leo kwa risiti ya kawaida na suala la ulemavu likasubiri ripoti ya daktari. Mwambie hivyo. Namna atakavyojibu itakufundisha mengi.

Hukutaja unaishi nchi gani, na sheria za fidia hazifanani. Majina ya ofisi, viwango na siku za mwisho hubadilika ukivuka mpaka. Kwa hiyo nitakupa misingi inayoshikilia sehemu kubwa ya dunia, na pale inapogawanyika nitakuambia. Ila kabla ya hapo niyaondoe mambo matatu yanayokutia woga, mawili yakiwa yale uliyoambiwa na wenzako kwa nia njema.

La kwanza ni hili la kibarua. Sheria ya kazi kwa kawaida haiulizi tu unaitwaje, inatazama kazi yenyewe inavyofanyika: nani anakupangia saa za kuingia na kutoka, nani anakuelekeza, vifaa ni vya nani, unalipwa kwa utaratibu gani. Shirika la Kazi Duniani liliandika msimamo huo katika Pendekezo namba 198 la mwaka 2006, kwamba uhusiano wa ajira uamuliwe kwa hali halisi, si kwa jina ambalo pande mbili zimelibandika. Unalipwa kila wiki, unafanya kazi kwa mashine za karakana, chini ya msimamizi. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Shida yake ni kuuthibitisha, na hilo tutalifikia. Kuhusu miezi minne, Mkataba namba 121 wa shirika hilo hilo, wa mwaka 1964, unakataza haki ya fidia ya ajali kufungwa kwenye urefu wa utumishi au kwenye michango iliyolipwa. Si kila nchi imeuridhia, lakini wazo lenyewe limeenea: mashine haimuulizi mtu ameanza kazi lini.

La pili ni glovu. Hapa niseme kwa mkazo kidogo, kwa sababu ushauri huu umewagharimu watu mikono. Kwenye mashine zenye visu au mhimili unaozunguka kwa kasi, kuvaa glovu mara nyingi ni hatari kuliko kutovaa, kwa kuwa ncha ya kitambaa ikinaswa huvuta mkono mzima ndani kabla hujawahi kuurudisha. Kilichotakiwa kuwa kati ya vidole vyako na visu ni ile kinga ya chuma iliyoondolewa. Wataalamu wa usalama kazini wana mpangilio unaojulikana: kwanza ondoa hatari yenyewe, isipowezekana izuie kwa kinga na mitambo, halafu weka taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa ndipo mvalishe mtu vifaa vya kujikinga. Anayeanza na glovu ameanza na mkia. Hata pale vifaa hivyo vinapohitajika, Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kwa hiyo mwenzako akisema "hukuvaa", muulize: nani alinipa, na nani aliiondoa kinga?

La tatu hujaambiwa na mtu, umelisema mwenyewe: "sote tuliizoea hivyo." Najua unaogopa kwamba ukimya wenu ulikuwa ridhaa. Mwaka 1891 Mahakama ya Mabwana ya Uingereza (House of Lords, iliyokuwa ya juu kabisa wakati huo) iliamua kesi ya Smith dhidi ya Baker. Mfanyakazi alikuwa akitoboa mwamba huku winchi ikipitisha mawe juu ya kichwa chake. Alijua, alikuwa akiyaona, na siku moja jiwe likamwangukia. Mwajiri akasema: alijua hatari, akaendelea kufanya kazi, basi aliikubali. Mahakama ikakataa. Kujua kwamba kuna hatari hakumaanishi kuridhia kuumizwa nayo. Mtu anayehitaji ujira hachagui mashine.

Sasa tuje kwenye kiini. Mtu aliyeumia kazini kwa kawaida anaweza kuwa na milango miwili mbele yake, na mkanganyiko mwingi unaousikia mitaani unatokana na watu kuichanganya.

Mlango mmoja ni wa fidia ya kazini. Huu haujali nani amekosea. Swali lake ni jepesi: je, uliumia kutokana na kazi na ukiwa kazini? Jibu likiwa ndiyo, unastahili matibabu, sehemu ya mshahara kwa muda usioweza kufanya kazi, malipo ya ulemavu wa kudumu ukibaki, na mtu akifariki wategemezi wake hulipwa. Kiwango cha chini kilichowekwa na ule Mkataba namba 121 kwa mtu asiyeweza kufanya kazi ni asilimia 60 ya kipato kinachotumika katika hesabu, akiwa na mwenzi na watoto wawili. Nchi nyingine hulipa zaidi. Fedha hutoka kwenye mfuko wa taifa au kampuni ya bima, si lazima zitoke mfukoni mwa bosi.

Mlango huu haukuwepo siku zote, na kujua ulivyofunguliwa kunasaidia kuuelewa. Mwaka 1837, huko Uingereza, kijana mmoja aliyekuwa mtumishi wa muuza nyama alivunjika paja baada ya gari la kukokotwa lililozidishiwa mzigo kukatika. Akamshtaki mwajiri wake. Ndiyo kesi ya Priestley dhidi ya Fowler, na alishindwa. Kutoka hapo ukakua msimamo kwamba mfanyakazi akiumizwa kwa kosa la mfanyakazi mwenzake, mwajiri hahusiki. Viwanda vikaongezeka, na viungo vilivyokatika pia. Ujerumani, chini ya kansela wake Otto von Bismarck, ikatunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, Uingereza ikafuata kwa sheria yake ya fidia mwaka 1897. Kilichofanyika kilikuwa mapatano, tena ya kibiashara hasa: mfanyakazi alipwe haraka bila kuthibitisha kosa, naye akubali kwamba malipo yana kikomo. Katika nchi na majimbo mengi mapatano hayo yalikuwa na sehemu ya tatu: ukilipwa kwa mlango huu, humshtaki mwajiri tena kwa ule mwingine.

Ule mwingine ni madai ya uzembe mahakamani. Huku ndiko kwenye fedha nyingi anazozisema mwenzako, na huku ndiko kwenye mzigo. Lazima uonyeshe mambo manne: kwamba mwajiri alikuwa na wajibu wa kukulinda, kwamba hakuutimiza, kwamba kutoutimiza huko ndiko kulikokuumiza, na kwamba hasara uliyopata inahesabika. Wajibu wenyewe ulielezwa vizuri katika kesi ya mgodi wa makaa ya mawe ya mwaka 1937, Wilsons and Clyde Coal dhidi ya English: mwajiri anatakiwa kutoa wafanyakazi wenzio wenye ujuzi, vifaa vinavyofaa, na utaratibu salama wa kazi wenye usimamizi wa kweli. Tena hawezi kuukwepa kwa kusema alimwachia msimamizi. Kipimo cha ushahidi si kile cha jinai. Inatosha ionekane kwamba yawezekana zaidi mambo yalikuwa kama unavyosema kuliko yasiwe hivyo.

Kwa maelezo yako, kinga iliyoondolewa kwenye mashine ya kuranda ni hoja nzito. Sitakuficha. Lakini hoja nzito si kesi iliyoshinda. Kesi za namna hii huchukua muda mrefu, zina gharama, na katika nchi nyingi anayeshindwa anaweza kuagizwa kulipa gharama za mwenzake. Pia mwajiri atasema ulichangia. Hapo zamani, kosa lako likiwa dogo kama nywele, ulipoteza yote. Majimbo machache ya Marekani, kama Alabama na Virginia, bado yanashikilia hivyo kwenye kesi za uzembe. Kwingine sheria hugawa. Uingereza ilibadili mwaka 1945: hasara ikiwa 100 na mahakama ikaona umechangia robo, unapata 75. Ndiyo maana hata kama ulifanya jambo usilolisema kwenye barua yako, usilifiche kwa wakili. Atakayelifichua mbele ya hakimu hatakuwa rafiki.

Je, unaweza kupita milango yote miwili? Hapa ndipo nchi zinapogawanyika hasa. Uingereza inaruhusu mtu kupokea mafao ya ajali kazini na bado kumdai mwajiri, huku hesabu zikirekebishwa asilipwe mara mbili kwa hasara moja. Katika sehemu kubwa ya Marekani mlango wa kumshtaki mwajiri umefungwa isipokuwa kwa mambo machache. Lakini hata ulipofungwa, angalia kama kuna mtu wa tatu: aliyetengeneza mashine yenye kasoro, aliyeikodisha, fundi wa nje aliyeirekebisha akaacha kinga chini. Huyo si mwajiri wako, na yale mapatano ya zamani kwa kawaida hayamlindi.

Kama ningekuwa mimi, ningeanza na mlango wa fidia. Ni wa haraka zaidi, hauhitaji kumgombanisha mtu na bosi wake, na ripoti ya daktari itakayopatikana huko itakufaa hata ukija kwenda mahakamani. Sharti ni moja tu: kabla ya kupokea malipo ya mwisho, uliza kama kuyapokea kunaufunga mlango wa pili. Inawezekana pia bosi anakuletea karatasi kwa sababu hajawasajili wafanyakazi wake kwenye mfuko au bima, na anaogopa ajali ikijulikana. Hilo ni kosa lake, si lako. Katika baadhi ya mifumo, mfuko humlipa mfanyakazi kwanza kisha ukamdai mwajiri ambaye hakuchangia.

Muda ni jambo ambalo halisubiri hasira zako zipoe. Kuna saa mbili zinazokimbia kwa kasi tofauti. Saa ya kutoa taarifa ya ajali kwa mwajiri au mfuko huwa fupi, inahesabiwa kwa siku au miezi. Saa ya kufungua kesi huhesabiwa kwa miaka. California, kwa mfano, inamtaka mfanyakazi amwarifu mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30. Uingereza inampa miaka 3 kufungua kesi ya jeraha la mwili, tangu alipoumia au alipotambua kwamba ameumia. Wewe uko wiki ya 6. Kama huko kwenu ni siku 30, zimepita, lakini usikate tamaa: msimamizi aliyekusindikiza hospitali hawezi kudai kwamba karakana haikujua, na sheria nyingi husamehe kuchelewa kwa taarifa pale mwajiri alipokuwa anajua mwenyewe. Andika taarifa leo hata hivyo. Mistari sita inatosha: jina lako, tarehe na saa, mashine gani, kinga ilikuwa wapi, umeumia nini, nani alikuwepo. Peleka nakala mbili, na moja igongwe muhuri au isainiwe na aliyepokea. Akikataa kupokea, itume kwa ujumbe wa simu ukiambatanisha picha ya barua.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na madai pia. Hujasema kama una picha ya ile mashine. Ukiweza kuipata bila kuvunja utaratibu au kuhatarisha mtu, ipige kabla kinga haijarudishwa, kwa sababu itarudishwa. Mashine nyingi hupata kinga mpya siku chache baada ya mtu kukatwa. Kama huwezi kuingia, waombe wenzako wawili waandike walichokiona na tarehe ilipoondolewa kinga, wakiwa bado wanakumbuka. Kusanya ujumbe wote wa malipo uliotumiwa kwenye simu, picha ukiwa kazini, hata ujumbe wa msimamizi unaosema "kesho njoo mapema". Hivyo ndivyo kibarua asiye na mkataba anavyothibitisha kazi na mshahara wake. Na hiyo karatasi waliyokuletea usiichane kwa hasira. Inakiri kwamba wewe ni mtu wao na kwamba kuna jambo lilitokea.

Kisha kuna kile kinachonisumbua zaidi katika barua yako, nacho ni maneno ya hospitali. Kumbukumbu ya siku ya kwanza hupewa uzito mkubwa, kwa sababu inachukuliwa kuwa iliandikwa kabla mtu hajafikiria fidia. Yako inasema nyumbani. Rudi kwa daktari anayekutibu, mweleze kwa utulivu kwamba maelezo ya awali yalitolewa na mtu mwingine ukiwa na maumivu makali, na uombe aandike nyongeza yenye tarehe ya leo ikieleza ulivyoumia. Usimwombe afute au abadilishe ya kwanza. Rekodi iliyofutwa inanuka. Rekodi yenye nyongeza ya kweli inaeleweka. Mwombe pia atazame kama aina ya jeraha inalingana na visu vya mashine ya kuranda. Jeraha lenyewe huwa shahidi, maana kisu cha jikoni hakikati hivyo. Na kuanzia sasa, kila daktari atakayekuuliza uliumiaje, sema ukweli ule ule kwa maneno yale yale.

Kama unaamka usiku ukisikia mngurumo wa mashine, au mwili unakutetemeka ukikaribia karakana, liseme hilo pia kliniki. Si udhaifu, na mifumo kadhaa hulipa athari za akili zinazotokana na ajali ya mwili. Lisiposemwa kwa daktari halitaandikwa.

Kuhusu kufukuzwa, siwezi kukuahidi kwamba haitatokea. Ninaloweza kukuambia ni kwamba sheria katika nchi nyingi inaliona hilo kuwa kosa jingine. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema kutokuwepo kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au jeraha si sababu halali ya kuachishwa. Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo, Mkutano wa Kimataifa wa Kazi, uliyaweka mazingira salama na yenye afya kazini katika orodha ya haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, hata kama haijaridhia mikataba husika. Kwa hiyo ukiambiwa usirudi, usigombane mlangoni. Uliza sababu kwa maandishi, andika tarehe na nani alikuwepo, na ulipeleke jambo hilo ofisi ya kazi upesi, kwani malalamiko ya kuachishwa nayo yana siku zake za mwisho, mara nyingi fupi sana. Ukipewa kazi nyepesi ambayo daktari amekuruhusu, ifanye. Kuikataa bila sababu kunaweza kupunguza malipo yako. Ila ukirudishwa kwenye mashine ile ile isiyo na kinga, Mkataba namba 155 unamtambua mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, kwamba asiadhibiwe kwa hilo. Mwarifu msimamizi mara moja na ueleze kwa nini.

Kwa yale niliyoyaandika hapa, unaweza kujisimamia hatua nyingi wewe mwenyewe: taarifa, nyongeza ya hospitali, ushahidi, fomu ya madai. Pale unapohitaji mtu wa kukaa naye uso kwa uso ni pale kwenye saini na kwenye uchaguzi wa mlango. Kabla ya Ijumaa, ipeleke karatasi hiyo kwa mtu anayejua sheria ya kwenu: afisa kazi, chama cha wafanyakazi (baadhi humsikiliza hata asiye mwanachama), kituo cha msaada wa kisheria, au wakili. Ukimwendea wakili, muulize mapema anatozaje. Wapo wanaochukua sehemu ya kile utakachopata, na zipo nchi zinazokataza hilo. Muulize pia tukishindwa nani analipa, na umsikilize kama anakujibu au anazunguka. Anayekuahidi kiasi kabla ya kuona ripoti ya daktari, mwogope kama unavyoiogopa karatasi ya bosi.

Hospitali nayo isisubiri sheria. Kidonda kikitoa usaha, mkono ukivimba na kuwa wa moto, homa ikipanda, au ncha za vidole zikifa ganzi au kubadilika rangi, nenda siku hiyo hiyo. Na usikose mazoezi ya tiba ya viungo, kwanza kwa ajili ya kidole, pili kwa sababu mtu anayekosa miadi atasikia siku moja akiambiwa kwamba ulemavu ni wa kujitakia.

Sasa Ijumaa. Huhitaji kukataa wala kukubali. Mwandikie msimamizi hivi, kwa ujumbe wa simu ili ubaki na nakala:

"Nimeipokea karatasi mliyonipa. Nashukuru kwa matibabu. Bado natibiwa na daktari hajaandika hali ya mwisho ya mkono wangu, kwa hiyo siwezi kuisaini kwa sasa. Nitatoa jibu baada ya ripoti yake na baada ya kushauriwa. Naomba niendelee kulipiwa matibabu, na niko tayari kusaini risiti ya kila malipo."

Utume Alhamisi jioni, usingoje Ijumaa. Piga picha ya skrini ikionyesha tarehe na saa, na uitume kwa mtu mmoja unayemwamini, simu yako isije ikapotea na kila kitu ndani yake.